Bonyeza Hicho Kitufe Tuone

Wasee, leo tukosane kidogo.

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi. Foleni ilikuwa ndefu, na muda wote niliokaa pale nilisikiliza majamaa watatu wakibishana kuhusu saa ya mkono. Rolex Daytona, hii ya chuma iliyotoka 2023. Wa kwanza alikuwa upande wa uso mweupe. Wa pili alikuwa upande wa uso mweusi. Wa tatu, yule msee ambaye kila mtaa unaye, anayependa kuwa juu ya wote, akasema nyinyi wawili hamjui kitu, ya maana ni ile ya Le Mans. Wakarushiana maneno mpaka kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri. Nusu saa nzima. Na kwa wote watatu kulikuwa na saa moja tu mkononi, na ilikuwa imesimama. Betri imekufa.

Siwacheki. Mimi nimekuwa huyo msee wa tatu, na nimekuwa mbaya kumliko.

Desemba ya mwaka juzi nilienda ushago na Daytona mkononi. Uso mweupe. Niliinunua elfu mbili mia tano kwenye kibanda fulani katikati ya jiji, na nilijua vizuri haijawahi kuiona Uswisi. Nilikuwa nimerekodi video nayo, mkono juu ya usukani wa gari ambalo si langu, nikieleza kwa sauti nzito kwa nini uso mweupe unashinda mweusi. Hiyo video iliniletea wafuasi kuliko nyingine yoyote mwaka huo.

Sasa, mjomba wangu ni mwalimu wa michezo. Binti yake wakati huo alikuwa Kidato cha Pili, anakimbia mita 800, na likizo yote walikuwa wanaenda uwanjani asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku moja nikaandamana nao. Tulipofika, mjomba akajipapasa mifuko, akagundua ameacha stopwochi yake nyumbani. Akanitazama mkononi.

“Mpwa wangu, si hiyo ni saa ya kupimia mbio? Basi tupimie.”

Binamu yangu alikuwa ameshajiweka kwenye mstari. Mjomba akapiga kofi, mtoto akatoka mbio. Nikabonyeza kitufe cha juu. Hakikuingia. Nikabonyeza cha chini. Kilikuwa kimegundishwa, pambo tu. Vile viduara vitatu vya usoni, kimoja kilikuwa kinaonyesha siku ya wiki, kingine tarehe, na cha tatu mpaka leo sijui kilikuwa kinaonyesha nini. Nikachomoa simu, nikafungua, nikatafuta mahali pa kupima, na wakati huo wote mtoto alikuwa anakata kona ya kwanza. Akamaliza mizunguko yake miwili, akainama, mikono magotini, akauliza, “Nimekimbia ngapi?”

Sikuwa na jibu. Mjomba hakunicheka. Alisema tu, “Haya, pumzika. Tutarudia kesho.” Hiyo “tutarudia kesho” iliniuma kuliko matusi. Mtoto alikuwa ametoa pumzi zake zote, na kazi yake ikapotea kwa sababu binamu yake mkubwa alikuja uwanjani na bango badala ya saa.

Basi hili ndilo ninalosema leo, na ukikasirika ni sawa. Wengi wetu tunaojiita wapenzi wa saa si wapenzi wa saa. Sisi ni mabango ya bure. Tunalinganisha rangi ya kitu ambacho hatujui kinafanya nini, tunafanya hivyo kwa sauti kubwa, na kuna mtu anauza kwa sababu ya kelele zetu. Mtu huyo si wewe.

Kabla hujasema sijui ninachobonga, wacha niweke mambo mezani.

Kronografu ni saa yenye stopwochi ndani yake. Ni hilo tu. Kitufe cha juu kinaanzisha na kusimamisha. Cha chini kinarudisha mshale kwenye sufuri. Baadhi ya viduara vinahesabu dakika na saa zilizopita tangu ubonyeze. Rolex walianza kuuza Cosmograph Daytona mwaka wa 1963, na jina ni la mji wa mbio za magari kule Florida, Marekani. Mwaka wa 2023 saa ilipofika miaka 60 wakatoa mpya ya chuma, nambari 126500LN, kuchukua nafasi ya 116500LN ya mwaka wa 2016. Upana wake milimita 40. Uso mweupe au mweusi. Ile pete nyeusi ya kauri sasa ina ukingo mwembamba wa chuma. Alama za saa zimepunguzwa unene, na mistari ya kuzunguka viduara imekuwa myembamba. Ndani, mashine ya 4130 imetoka, 4131 imeingia.

Juni ya mwaka huohuo wakatoa ile ya Le Mans, kwa sababu mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, zilikuwa zinatimiza miaka 100 tangu zianze 1923. Hiyo ni dhahabu nyeupe. Ina namba 100 nyekundu kwenye pete, na kiduara kimoja kinahesabu mpaka saa 24 badala ya 12. Mwaka wa 2025 ikaja ya dhahabu ya njano yenye uso wa rangi ya feruzi, na watu wakaanza kubishana upya kama vile hawajawahi kubishana.

Ya chuma ilipotoka, bei ya dukani Marekani ilikuwa zaidi ya dola 15,000. Piga hesabu: karibu milioni mbili za Kenya. Lakini hata ukiwa na hizo milioni mbili, hauingii tu dukani ukatoka nayo. Kuna orodha ya kungoja, na mwenye duka ndiye anaamua nani anaitwa. Asiyeweza kungoja anainunua kwa mtu mwingine kwa bei inayokaribia maradufu. Kwa hizo milioni mbili za dukani, mtaani kwetu unapata pikipiki nane mpya za boda na chenji inabaki.

Sasa iangalie tena hiyo orodha ya mabadiliko. Kuna mawili yanayohusu kazi ya saa. La kwanza ni mashine mpya, ambayo sehemu inayogawa nguvu ya springi imeundwa upya ili nguvu isipotee ovyo. La pili ni kile kiduara cha saa 24, kwa sababu mtu anayepima mbio za siku nzima anahitaji kuhesabu zaidi ya 12. Hayo ni mambo ya kubishania. Ningekaa kwa kinyozi mpaka usiku kama mtu angeyaleta. Lakini pale hakuna aliyegusa mashine. Hata yule wa Le Mans hakutaja kile kiduara. Alisema ni ya maana kwa sababu “hiyo hupati.” Yaani sifa ya saa ni kwamba wewe huna.

Na hizo namba zilizochongwa kwenye pete, wangapi mnajua ni za nini? Si mapambo. Ni takimita, kipimo cha mwendo. Siku moja ukiwa kwenye matatu barabara kuu, tafuta alama mbili zilizoachana kilomita moja. Ukipita ya kwanza anza kuhesabu, ukipita ya pili simamisha. Ikiwa ni sekunde 45, mshale utakuwa unaelekeza kwenye 80: gari linaenda kilomita 80 kwa saa, kikomo cha sheria kwa magari ya abiria hapa Kenya. Ikiwa ni sekunde 30, mshale uko kwenye 120, na hapo kazi ya saa imeisha, anza kuomba. Hata bila Daytona, gawanya 3,600 kwa sekunde zako, jibu ni lilelile. Kila mtu mwenye simu anaweza kufanya hivyo leo. Lakini hakuna aliyewahi kunieleza hivyo kwa kinyozi, na mimi mwenyewe kwenye ile video nilisema hizo namba “zinaleta uzito.” Uzito gani, buda?

Halafu kuna hii hadithi ya toleo bora. Hebu tuulize historia. Kuna Daytona za zamani za miaka ya sitini na sabini zenye nyuso za ajabu ajabu, rangi mbilimbili na maandishi ya mtindo wake. Zilipokuwa mpya hazikutakiwa. Zilikaa madukani. Baadaye zikaitwa “Paul Newman,” kwa sababu mwigizaji huyo wa Marekani, ambaye pia alikuwa dereva wa mbio, alikuwa akivaa moja aliyonunuliwa na mkewe, Joanne Woodward. Mkewe alichonga nyuma maneno ya kumkumbusha aendeshe kwa uangalifu. Oktoba 2017, saa hiyohiyo iliuzwa kwenye mnada New York kwa dola milioni 17.75. Kwa hiyo wale waliosimama dukani mwaka wa 1970 wakasema “hii ni mbaya, nipe ile nyingine” walikuwa na uhakika kama wewe ulivyo na uhakika leo. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni maneno ya watu. Na kumbuka yule mama hakununua toleo. Alimnunulia mume wake kitu cha kazi, akaogopa asife barabarani.

Ukitaka kujua kupenda saa ni nini, nenda Le Locle, Uswisi, mwaka wa 1975. Kiwanda cha Zenith kilikuwa na kronografu inayoitwa El Primero, iliyotoka 1969, mojawapo ya za kwanza duniani kujijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Lakini saa za betri zilikuwa zimeingia sokoni, na wenye kampuni, ambao walikuwa Wamarekani, wakaamuru mashine za springi ziachwe na vifaa vya kuzitengenezea viuzwe kama vyuma chakavu. Fundi mmoja, Charles Vermot, hakukubali. Akavibeba vile vifaa kimya kimya, akavificha kwenye dari ya kiwanda, na kuandika kila kitu kinavyofanya kazi. Miaka ya themanini, saa za springi zilipohitajika tena, vikatolewa darini. Na mwaka wa 1988, Rolex walipotaka Daytona inayojijaza yenyewe, mashine waliyoiweka ndani ilitokana na hiyo El Primero. Mpaka mwaka wa 2000, ndani ya Daytona kulikuwa na kazi ya kampuni nyingine.

Soma hapo tena. Miaka kumi na zaidi watu walilipa pesa za jina la usoni, na moyo uliokuwa unapiga ulikuwepo kwa sababu mfanyakazi mmoja aligoma kuuza vyuma. Vermot hakuwa na orodha ya kungoja. Alikuwa na funguo za dari. Huyo ndiye mpenzi wa saa. Taja jina lake kwa kinyozi uone kama kuna anayelijua.

Najua majibu yenu, kwa sababu nilikuwa nayajibu hivyo hivyo.

La kwanza: “Sizitaki mbichi hizi. Huna doo, ndiyo maana unaongea.” Kweli, sina. Lakini sungura wa hadithi alisema zabibu ni mbichi. Mimi sisemi Daytona ni mbaya. Nasema ni saa nzuri mno. Ni nzuri kuliko sababu mnazotoa, na mnaitukana mnapoisifu kwa rangi peke yake.

La pili: “Unatukataza kuota?” Hapana. Ota. Kijana wa Umoja akilala akaota Geneva, hakuna askari wa kumkamata. Lakini ndoto ina kazi yake, inakusukuma. Nionyeshe mtu mmoja ambaye ubishi wa mweupe na mweusi umemsukuma popote. Yule msee mwenye saa iliyosimama hajasukumwa hata kununua betri.

La tatu, hili la wanaojiona wajanja: “Hiyo ni uwekezaji.” Sawa. Bei za mtu kwa mtu zilipaa kama wazimu wakati wa korona, zikafika kilele mwanzoni mwa 2022, kisha zikaanguka. Walionunua kileleni wanajua walipo. Na hata zikipanda tena kesho, anayefaidika ni mwenye saa na makaratasi yake. Wewe mwenye maoni tu, hisa zako ziko wapi?

Na kuna kitu kinanikera zaidi, ndiyo sababu naandika. Huu ubishi si wa bure. Nilipoenda kile kibanda, nilimuuliza muuzaji kwa nini amepanga nyeupe nyingi mbele. Akanijibu bila kuinua kichwa, “Nyeupe ndiyo inaenda.” Nani alimwambia nyeupe ndiyo inaenda? Ni sisi. Video yangu ni mojawapo. Tunabishana, kijana wa miaka 19 anasikiliza, hana milioni mbili, anashuka mjini kununua ya elfu mbili mia tano yenye vitufe vya gundi. Au anafanya vibaya zaidi. Kuna msee ninamjua alichukua mkopo wa simu anunue feki ya “daraja la juu” ya elfu thelathini. Alilipa riba miezi mitatu kwa kitu ambacho hawezi hata kukiuza bila kumdanganya mtu mwingine. Siwezi kuapa kwamba hakuanza kuitamani kwa sababu yangu.

Na sisi ni Wakenya, jamani. Kama kuna watu duniani wanaopaswa kujua sekunde ni kitu gani, ni sisi.

Mnataka kulinganisha matoleo? Njooni tulinganishe. Mita 1,500, Faith Kipyegon. Toleo la kwanza: Florence, Juni 2023, dakika 3:49.11. Toleo la pili: Paris, Julai 2024, 3:49.04. Toleo la tatu: Eugene, Julai 2025, 3:48.68. Kutoka la kwanza hadi la pili ni mwaka mzima na mwezi mmoja wa jasho, na tofauti ni sehemu saba za mia za sekunde. Saba za mia!

Sasa leteni Daytona. Mashine ya 4131 inapiga mara 28,800 kwa saa moja. Hiyo ni mara nane kwa sekunde. Kwa hiyo mshale hautelezi, unaruka, na kila mruko ni sekunde 0.125. Mruko mmoja wa Daytona ni mrefu kuliko kazi ya mwaka mzima ya Kipyegon kati ya Florence na Paris. Saa ya milioni mbili haina namna ya kuzitofautisha hizo rekodi mbili kwa uhakika. Ndiyo maana mbio hupimwa kwa mitambo ya umeme na kamera za mstarini. David Rudisha alipokimbia 1:40.91 London 2012, waliompima walikuwa Omega, ambao walianza kupima Olimpiki 1932 kwa saa za mkononi na siku hizi wana mitambo inayoona kile jicho halioni.

Sisemi hivyo kuidharau Daytona. Springi na magurudumu madogo kugawa sekunde mara nane, ndani ya kitu cha milimita 40, bila betri, ni maajabu. Nasema tu, ukishajua kikomo chake ndipo unaanza kuiheshimu. Kabla ya hapo unaheshimu bei.

Kwa hivyo, ombi langu ni dogo. Mara nyingine ubishi ukianza, iwe kwa kinyozi, iwe hosteli, iwe kwa meza ya chipsi, uliza swali moja: inapima nini? Anayejibu, kaa naye, utajifunza. Anayesema “hiyo hupati,” mwache na bango lake. Na kama una saa yoyote yenye vitufe, hata ya mia tano, vibonyeze leo. Vikifanya kazi, pima kitu. Pima maji yakichemka, pima umbali wa kwenda stejini, pima mdogo wako akikimbia.

Ile video nimeifuta. Ile feki iko kwenye droo, siivai na siiuzi. Mwaka jana nilipoenda ushago nilimpelekea mjomba stopwochi ya plastiki yenye kamba ya shingoni, ile inayohesabu mpaka sehemu ya mia ya sekunde, ingawa kidole cha binadamu nacho hukosea. Ilikuwa bei rahisi kuliko feki yangu. Akaivaa papo hapo, akamwita binti yake, wakaenda uwanjani. Mimi nilikaa kwenye nyasi bila kitu mkononi.

Alifika, ameinama, mikono magotini, akauliza, “Ngapi?”

Mjomba akamgeuzia ile stopwochi ajisomee mwenyewe. Namba aliyoisoma siiandiki hapa, kwa sababu ni yake. Lakini alisimama wima, akatabasamu, akasema, “Tena.”